Punguza Sauti, Mama Zuhura

Kama unasoma haya umekaa kliniki, na kadi yako umeichimbia ndani ya pochi ili jirani asiione, basi nimekuandikia wewe. Mimi si daktari na sitakueleza vimelea vinaingiaje mwilini. Nitakueleza nilivyopoteza sauti kwa kifua kikuu, na nilivyoipata tena kwenye benchi, katikati ya watu niliodhani wananitukana.

Kwanza uijue hiyo sauti yenyewe. Kwetu ni Muheza, Tanga, lakini niliolewa na fundi wa mashine, na fundi wa mashine hufuata mashine ziliko. Tukaishia kwenye machimbo madogo upande wa Geita, yeye akiendesha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mimi nikipika wali na maharage kwenye banda la turubai pembeni yake. Karasha likiunguruma watu huongea kwa mikono. Mimi sikuhitaji mikono. Nilikuwa nikisema "Wali umeiva!" mara moja tu, na wachimbaji waliokuwa kule kwenye mashimo wanaanza kunawa. Baba Zuhura, mume wangu, alikuwa na sentensi moja aliyoniambia tangu tuoane: "Punguza sauti, Mama Zuhura." Akishaisema tunacheka wote wawili, kisha mimi naendelea vilevile.

Kuimba, hata hivyo, sikujua. Madrasa nilikuwa nawekwa mstari wa nyuma wakati wa kaswida na kuambiwa nifungue mdomo tu. Sauti nilikuwa nayo nyingi, ila haikuwa na adabu.

Kikohozi kilianza kiangazi, na kiangazi kule kila mtu anakohoa, kwa hiyo nikalilaumu vumbi. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali na limau, nikanywa kila nilichoambiwa. Jasho likaanza kunilowesha nikiwa nimelala. Kanga niliyokuwa nikiifunga kwa shida kiunoni ikawa inanizunguka na nyingine inabaki. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, ikapungua, ikabaki hewa. Mchana mmoja mume wangu akaja bandani amekunja uso.

"Mbona leo huiti watu? Wali unapoa."

Nilikuwa nawaita tangu zamani. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimefungua mdomo wote, na hakuna aliyegeuka.

Akanileta Kagongwa, kwa dada yake Mwajuma, mwenye nyumba karibu na mashine za kukoboa mpunga, kwa sababu kituo cha afya hakiko mbali na hapo. Nikatoa makohozi kwenye kikopo, nikangoja majibu nimeegemea ukuta wenye tangazo la uzazi wa mpango, nikalisoma hadi nikalijua kwa moyo. Muuguzi akaniita ndani, akafungua dirisha, akaniambia taratibu kwamba ni kifua kikuu na kimefika hadi kooni.

"Sauti itarudi?" nilimuuliza. Ilibidi ainame ndiyo anisikie.

"Kifua kitapona ukimeza dawa zote bila kuruka. Sauti, tutaona."

Hiyo "tutaona" niliondoka nayo. Ugonjwa wenyewe nilishaukubali, maana dawa ipo na hailipiwi. Lakini mimi bila sauti nilikuwa nani? Mpishi asiyeweza kuita wateja. Mama asiyeweza kumwita mwanawe.

Nilianza dawa mvua za kwanza zikianguka. Nakuambia mapema usije ukashtuka: mkojo utakuwa na rangi ya soda ya chungwa, na machozi pia yana rangi yake, kwa hiyo usilie ukiwa umevaa nguo nyeupe. Viungo vitauma. Tumbo litagoma. Mimi nilikuwa nameza dawa huku nimeshika ukingo wa kitanda, kisha nakaa kimya nizibembeleze zisirudi. Ukipata mtu wa kukuletea uji mwepesi saa hiyo, huyo mshukuru.

Mimi aliniletea wifi yangu Mwajuma, ila aliuacha kizingitini. Alinitengea chumba cha uani, sahani, na kikombe cha kijani cha plastiki ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Alikioshea mbali, kwa maji ya moto, akinawa hadi viwikoni. Simlaumu, alikuwa na watoto wake. Lakini usidhani haikuniuma. Iliniuma sana. Zuhura, binti yangu, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, akawa analala nyumba kubwa na kuniamkia kutoka mlangoni. "Shikamoo mama," anasema, nami najibu marahaba isiyosikika, na anasubiri kidogo, kisha anaondoka kwa sababu anadhani sijajibu.

Baba Zuhura alirudi kwenye karasha lake. Akipiga simu napokea mimi, naongea kwa nguvu zangu zote, nasikia upande wa pili: "Halo? Halo? Huu mtandao nao!" Anakata. Anapiga tena. Mwishowe Mwajuma akawa ndiye anayepokea na kunisemea mambo yangu, hata yale ambayo mke humwambia mumewe mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nimekaa uani najianika jua. Nikamwona Zuhura anatoka na wenzake wanakimbilia barabarani, kule malori ya mpunga yanakopita. Nikasimama, nikaita. Nikaita tena kwa nguvu zote hadi nikaona kizunguzungu. Mtoto hakugeuka hata kidogo. Lori likapita, yeye akiwa salama upande wa pili, anacheka, hajui lolote. Mimi nilikaa chini palepale kwenye matope. Tangu hapo nikawa namwita kwa kupiga makofi, na akajifunza haraka, kama kuku anayeitwa kwa sahani. Aliyafurahia. Mimi nilikuwa nikiyapiga nalia.

Sasa nije kwenye benchi.

Siku za kliniki wagonjwa wa kifua hatukungojea ndani. Tulikuwa na banda letu, bati juu na wazi pande zote, upepo upite. Mabenchi yake yalikuwa yamejaa Wasukuma wanaopiga soga kwa lugha yao, nami sikujua hata neno zaidi ya salamu. Siku ya kwanza nilipofika, mama mmoja mnene wa kilemba chekundu alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Wigashe."

Nikasimama kwenye nguzo.

Akawageukia wenzake, wakasema kitu, kisha wawili watatu wakanitazama: "Wigashe, mayu. Wigashe."

Kwa hali niliyokuwa nayo, kila neno nisilolijua lilikuwa linanisema mimi. Nikajua moja kwa moja kwamba hilo ndilo jina lao la mwenye kifua kikuu. Au la mtu aliyekondeana. Au la mwanamke aliyeachwa na mumewe kwa wifi. Kliniki iliyofuata, hivyo hivyo. Nafika tu: "Wigashe." Nami nang'ang'ania nguzo yangu, nimewapa mgongo. Mvua zikakolea, watu wakapanda mpunga, bado wananiita wigashe na mimi bado nimesimama.

Siku uvumilivu uliponiishia, nilimgeukia yule mama wa kilemba, nikamsogelea hadi anisikie, nikamwambia kwa hiyo hewa yangu, "Na wewe ni wigashe! Nyote hapa ni wigashe! Kwani mnameza dawa gani, si hizihizi?"

Kisha kijana mmoja mrefu pembeni, jina lake Shija, aliyewahi kuwa mchimbaji, akaanza kutikisika mabega.

"Dada," alisema, "anakwambia kaa. Wigashe ni kaa chini, na mayu ni mama. Tumekuwekea nafasi siku zote hizo."

Nikatazama. Kweli, pembeni ya yule mama palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na juu yake ametandika kipande cha kanga. Walicheka benchi zima, wakacheka hadi wakakohoa, wakageuziana migongo na kuziba midomo kama tulivyofundishwa, wakamaliza kukohoa, wakacheka tena. Mimi nami nikacheka. Kilikuwa kicheko kisicho na sauti, lakini kilikuwa cha kwanza tangu karasha.

Yule mama akapigapiga ile kanga. "Haya, Mtanga. Wigashe sasa."

Nikakaa.

Jina lake ni Mama Kabula, mkulima wa mpunga, anapenda ugoro, ubishi na wali mwingi, na hakuna siku aliyokubali kwamba amekosea. Ndiye aliyeanzisha uimbaji pale bandani. Wasukuma wana ngoma yao ya zamani ambayo huimbwa watu wamekaa. Mwili wa chini umetulia, mabega, mikono na kifua ndivyo vinavyocheza. Nayo inaitwa hivyohivyo, wigashe. Mwenye pumzi fupi atapata wapi ngoma nzuri kuliko hiyo? Mama Kabula aliiona akili hiyo alipokuwa hawezi kufika chooni bila kupumzika njiani, akaanza kuimba mwenyewe huku akingoja dawa, na benchi likamfuata.

Hawakunipa wimbo kwanza. Walinipa kopo la maziwa ya unga lililotiwa changarawe, nilitikise. Shija ndiye aliyelitengeneza, na changarawe alitoka nazo machimboni. Nilipojua nilimtazama kwa jicho baya.

"Mawe haya ndiyo yaliyonifikisha hapa."

"Basi yatikise vizuri," alinijibu. "Na yenyewe yahangaike."

Baada ya kopo ndipo Mama Kabula akaanza na koo langu. Alinikataza kuita, kunong'ona na kulazimisha. Alitaka nifunge mdomo nivume tu kama inzi ndani ya chupa, ngumi yake ameikita chini ya mbavu zangu. "Usivute na shingo," alisema. "Shingo ni ya shanga. Vuta huku chini." Kisha, "Sema ho." Nasema, inatoka hewa. "Ludia!" Ndivyo asemavyo, maana herufi ile nyingine hajawahi kuona faida yake. Nami Mtanga, niliyelelewa na Kiswahili kilichonyooka, nilimsahihisha siku moja: "Ni rudia, Mama Kabula." Akanitazama kwa huruma. "Wewe sauti huna, Kiswahili chako unamsemesha nani? Ludia!"

Nikarudia. Nyumbani nikichambua mchele, narudia. Nikimeza dawa, narudia. Mwajuma akipita uani ananitazama kama mtu aliyepandisha mashetani. Wiki zikapita, ho ikabaki hewa tupu. Kisha asubuhi moja ya kliniki, mpunga mashambani umeshafika magotini, nikasema ho na kikatoka kitu. Kilikuwa kibaya, kama bawaba ya mlango. Mama Kabula akanyanyua mkono kila mtu anyamaze.

"Ludia."

Kikatoka tena.

"Imelia!" akapiga kelele. "Jamani, ya Mtanga imelia!"

Benchi zima likapiga vigelegele. Watu wa kliniki ya watoto upande wa pili wakachungulia wakidhani kuna aliyejifungua. Mimi nilibubujikwa na machozi yangu ya rangi ya chungwa, na sikujali nguo.

Kuanzia hapo mwili nao ukakumbuka kula. Njaa ya dawa ni njaa ya aina yake, jiandae. Mama Kabula alikuwa akiniletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vigumu, vitamu, na mimi nilivitafuna tangu kliniki hadi nyumbani. Kipimo cha makohozi kikawa safi. Zuhura akaruhusiwa kukaa mapajani kwangu, nami nikamvumia kile nilichonacho, akaweka sikio kifuani na kusema, "Mama, humo ndani kuna mashine."

Hapo ndipo Baba Zuhura alipokuja. Aliniona nimenawiri, akafurahi, na kabla hajamaliza chai akaniambia nifungashe. Eti wachimbaji wanakula vibaya. Dawa zilizobaki nitakwenda nazo, au niache, maana mtu anayeonekana hivi ameshapona.

"Sijamaliza," nilimwambia. Sauti ilikuwa nusu tu, lakini ilisikika.

"Mwajuma ananiambia siku za kliniki unashinda unaimba. Ulikuja kutibiwa au kuimba?"

"Vyote."

Akaondoka amenuna. Nilimtazama akipanda gari na moyo ukaniuma, kwa sababu nampenda na nilijua yuko peke yake kule na lile karasha lake. Lakini nilijua pia kwamba nikikatiza dawa ugonjwa utarudi na hasira, na sauti iliyoanza kulia itazimika moja kwa moja. Kama na wewe umefika hapa, umenawiri na watu wanakuambia umepona, tafadhali meza hadi cha mwisho. Anune anayetaka kununa.

Wimbo wangu wa kwanza niliutunga nikichambua mchele wa wifi. Mama Kabula aliukosoa, Shija akautafutia mdundo, benchi wakautia kiitikio chao:

*Nilikuja na kanga ikinizunguka,*
*leo yanibana, mwiteni fundi.*
*Nilimwita Zuhura hakugeuka,*
*Zuhura mwanangu, sikia sasa.*
*— Wigashe, mayu, wigashe.*

Shija aliurekodi kwa simu yake bandani, na ukisikiliza vizuri utasikia mashine za kukoboa nyuma na mtu mmoja akikohoa kwenye ubeti wa pili. Hatukuufuta. Akawarushia wagonjwa wenzetu, wao wakawarushia ndugu zao, na vijana wa vibanda vya nyimbo wakawa wanawawekea watu kwenye memori kadi pamoja na nyimbo za wasanii wakubwa. Watu nisiowajua wakaanza kutuma salamu: mmoja kutoka Songwa, ambaye naye yumo kwenye dawa, mama mmoja wa Kahama mjini aliyesema anaumezea vidonge vyake, wimbo ukiisha naye amemaliza.

Kisha simu ikalia. Baba Zuhura.

"Mama Zuhura, hebu niambie. Huku kuna kijana anapiga wimbo wa mwanamke mmoja, ana kifua huyo, nimeusikiliza tangu asubuhi. Mbona anamtaja mwanangu?"

Nikavuta pumzi huku chini, kama nilivyofundishwa. Kisha nikamwimbia ubeti mzima.

Hakusema halo. Hakuulaumu mtandao. Nilisikia karasha likizimwa. "Ni wewe?" akauliza. "Wallahi ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akasema anakuja, na safari hii haji kunifungasha nikapike.

Nilimeza kidonge cha mwisho wakati wa mavuno, mpunga umeanikwa kila mahali Kagongwa hadi huoni pa kukanyaga. Mwenye mashine moja ya kukoboa alitupa uwanja wake jioni, tuimbe kwa ajili ya waliomaliza dawa. Tukapanga mabenchi ya kituo. Wakaja waliokuwa wakingoja zamu ya kukoboa, wakaja wapagazi, akaja muuguzi na watoto wake, akaja Baba Zuhura na vumbi lake la safari. Mwajuma alikuja amebeba birika la chai. Akamimina, akakosa kikombe cha kwake, akatazama huku na huku, akachukua kile cha kijani kilichokuwa mbele yangu, akakijaza na kunywa hadi mwisho. Hakunitazama. Mimi nilimwona.

Nikaimba nimekaa, kopo mkononi. Sauti yangu si ile ya zamani. Imeteremka, ina mikwaruzo, na bado haina adabu sana. Lakini ilijaa uwanja. Nilipofika pale penye jina la mwanangu sikuimba, niliita. Zuhura alikuwa mbali, juu ya lundo la pumba na wenzake, anateleza na kupanda. Akageuka. Akashuka mbio, akapita katikati ya watu, pumba kichwani hadi miguuni, akasimama mbele yangu.

"Abee mama?"

Sikuwa na la kumtuma. Nilimkumbatia tu, na benchi likaendelea kuimba bila mimi.

Bado naishi Kagongwa. Karasha lilipata fundi mwingine, na wangu sasa anatengeneza mashine za mpunga. Dawa nilishamaliza, ila siku za kliniki naenda kuimba. Juzi alikuja dada mmoja mgeni, mwembamba, buibui linamwelea. Akatutazama, akasimama kwenye nguzo. Nguzo yangu kabisa. Nikasogea, nikatandika kanga, nikamwambia, "Wigashe, mayu."

Akanitupia jicho la chuki ambalo nalijua vizuri, akanipa mgongo.

Nilicheka. Nilishindwa kujizuia, nilicheka na Mama Kabula akacheka na banda zima likacheka, na kicheko changu kikawapita wote. Dirisha likafunguka, muuguzi akatoa kichwa.

"Mama Zuhura! Punguza sauti, humu ndani napima watu!"

Nikavuta pumzi huku chini, nikamjibu kwa nguvu zangu zote:

"Ludia!"